Bomba la Upepo Tu

Mimi si mtu wa majini. Miaka thelathini na mitatu nimelala chini ya injini za watu, na kila nilipoambiwa gari limeingiliwa na jini, nilikuta waya umetafunwa na panya au fundi aliyenitangulia alikuwa mvivu. Kwa hivyo Uthman aliponipigia simu kutoka Mtangawanda, kisiwani Pate, akaniambia lori la marehemu kakake linapiga mbinja, nilimjibu kwa mzaha. Nilimwambia alifundishe na kasida kabisa.

Hakucheka. "Fundi Husseini," akasema, "ni mbinja ile ile. Shemeji ameisikia, ameingia ndani akafunga mlango."

Nilikuwa kibandani kwangu Wiyoni, Lamu, jenereta ya mtu iko wazi mbele yangu. Niliiweka spana chini, na si kwa sababu ya jini. Neno lile la kasida nilikuwa nimeshalisema mara moja, kwa Bakr mwenyewe, huyo marehemu kakake. Alinipigia wiki mbili kabla ya kufa kwake. Alisema, Fundi, gari linapiga mbinja, na kijiti cha kupimia oili nakikuta kimetoka chenyewe. Siku hiyo nilikuwa na hasira zangu, sikumbuki hata za nini. Nikamwambia kama linapiga mbinja alifundishe na kasida, nitakuja baada ya Idi, nikakata simu. Idi ya Mfungo Tatu ilipofika Bakr alikuwa kaburini.

Alivyokufa waliona watu wengi. Alikuwa amelisimamisha lori gatini, limeelekea ukuta, akingoja abiria washuke botini. Injini ilikuwa inanguruma taratibu. Ghafla kasi yake ikapanda yenyewe, hakuna mguu uliokanyaga mafuta. Bakr akazima. Ikazidi kupanda. Akauchomoa ufunguo, watu wakauona mkononi mwake, na injini bado inapiga kelele hadi vioo vinatetemeka na moshi umefunika gati nzima. Akashuka, akafungua boneti, akavua shati ili aliingize kwenye mdomo wa hewa, injini ikose pumzi ife. Ndiyo njia yake, na mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini hendibreki ilikuwa dhaifu na lori lilitetemeka mno. Jiwe alilolitia chini ya gurudumu likateleza, lori likaenda hatua tatu. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Nilikwenda kuzika, nikakaa hitimani, nikarudi Lamu. Lori sikulitazama. Watu walisema ajali haina kinga, nami nikasema hivyo hivyo. Miezi minane nilikuwa nikisema hivyo.

Sasa edda ya mkewe, Bi Mwanamkisi, ilikuwa imekwisha, na Uthman alikuwa ameacha kazi yake Mombasa ili aje aliendeshe lori, kwani ndilo lililokuwa likilisha nyumba ile. Akaliwasha mara moja. Likapiga mbinja, kisha injini ikaanza kupanda yenyewe kama siku ile. Uthman aliwahi kulitia gia kubwa akaachia klachi, likajikwaa na kufa. Wazee wakasema likatwe liuzwe vyuma. Bi Mwanamkisi akawaomba wangoje kwanza Husseini wa Wiyoni alitazame. Hilo nililisikia na roho ikaniuma. Alikuwa bado ananiamini.

Nilifika asubuhi na boti ya kwanza. Lori lilikuwa pale pale, limefunikwa turubai. Ukutani mbele yake palikuwa pamepakwa chokaa mpya, kipande tu, cheupe kuliko kuta zote. Uthman alinipokea sanduku la spana. Ni mtu mzima, baba wa watoto wawili, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Watu wanasema roho yake imebaki mle ndani," akaniambia. "Ati kuna kitu ndani kinatafuta pa kutokea."

"Watu wakikosa kazi husema mengi," nikamjibu. "Lete mawe."

Nilitia mawe mawili makubwa mbele ya magurudumu, kisha gogo la mkoko juu ya mawe. Nilimwambia Uthman asisimame kati ya lori na ukuta hata ikiwa amedondosha roho yake pale. Nilimwambia kwa ukali, maana nilikuwa naogopa. Nikatafuta ubao wa kuzibia mdomo wa hewa, nikaushika mkono wa kushoto kama sinia. Ndipo nikamwambia awashe.

Liliwaka mara ya pili. Mwanzo ikawa ngurumo ya kawaida ya injini kuukuu. Kisha ikaja mbinja. Nyembamba, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena.

Bakr alikuwa mpiga mbinja. Akikaribia nyumbani jioni alikuwa akipiga hivyo, mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza, ili mkewe aweke chai motoni. Kila mtu kisiwani aliijua. Na nilipoisikia ikitoka kwenye chuma kile, nilikaribia kuuangusha ubao. Sitadanganya kwamba nilifikiri mambo ya injini. Nilifikiri, amekuja kunidai jibu la simu yake.

"Zima!" nikapiga kelele, na Uthman akazima. Likachelewa kidogo kabla ya kutii.

Nikakaa juu ya sanduku langu. Halafu nikafanya ninachokijua, kwani hakuna dawa nyingine ya woga kwa mtu wa kazi yangu. Katika sanduku huwa natembea na maputo ya watoto, yale ya Idi. Wenzangu hunicheka. Ukichomoa kijiti cha oili na kulivika puto lile tundu lake, puto hukwambia injini inavyopumua. Injini nzima, puto hutikisika tu. Nililivika puto jekundu, nikalifunga kwa kamba, Uthman akawasha tena.

Puto likainuka. Likajaa polepole, bila haraka, kama kuna mtu ndani ya injini anapuliza kwa kifua chake. Likawa kubwa kama kichwa cha mtu. Uthman akaanza kusoma kwa sauti, "Audhu billahi, audhu billahi." Puto likapasuka, na matone ya oili yakanirukia usoni.

Uthman alishazima, akashuka na kufika mbali. Mimi nilibaki pale nikijifuta, na kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu nikapata akili yangu. Puto halidanganyi. Injini yoyote, kila inapolipuka, hewa kidogo hupenya kando ya pistoni ikashuka tumboni palipo na oili. Ringi zinazoizunguka pistoni zikiwa zimechakaa, kama za lori lile, hewa huwa nyingi. Haina neno, kwani kuna bomba linaloishusha hewa ile nje, chini kabisa, juu ya mchanga. Bomba hilo likizibwa, hewa hutafuta pengine. Huinua kijiti cha oili na kupenya tunduni, na hapo hupiga mbinja. Na lori hili lilikuwa na mpira mwingine mdogo, unaopanda kwenye njia ya hewa safi. Hewa ikikosa pa kushukia, hupanda huko imebeba mvuke wa oili, na injini ikaila oili yake yenyewe. Ukizima ufunguo umekata dizeli tu. Oili haiujui ufunguo.

Hivyo ndivyo alivyokufa Bakr, na alikuwa amenielezea yote kwa simu, mbinja na kijiti. Mwanafunzi wa miezi mitatu angelijua.

Nilimtuma Uthman aende Pate mjini na pikipiki anitafutie mpira mpya na vibano. Sikuvihitaji sana. Nilitaka kulia peke yangu, na nikalia kidogo. Kisha nikalala chini ya lori nikalifungua lile bomba.

Niliingiza waya, ukagota. Nikavuta kwa ndoano, kikatoka kitu cheusi, kimevimba, kinanuka oili iliyoungua. Nilidhani ni tambara. Nilipokifuta kwa kidole nikaona ngozi, na mshono wa uzi mwekundu pembeni, mshono mzuri wa mkono. Ilikuwa hirizi.

Nilibaki nimelala pale na kitu kile juu ya kifua. Mikono yangu ilikuwa michafu, sina udhu, na ndani ya ngozi ile yalikuwamo maneno ya Mwenyezi Mungu. Sikujua niishike vipi. Lakini nilijua ni ya nani, na nilijua ilifikaje mle, na jambo hilo ndilo lililonifanya nishindwe kuinuka.

Bakr alikuwa hataki hirizi. Alisoma darasa Lamu akaambiwa ni ushirikina, akashika hapo. Mkewe alipomtilia moja chini ya kiti, aliikuta akamrudishia mbele ya mama mkwe wake. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba siku yake ikifika itamkuta hata akijifunga mia. Haya alinisimulia mwenyewe, akicheka, nilipokuja kulitengeneza lori kabla ya Ramadhani ya mwaka jana.

Na siku ile ile, Bakr amekwenda kuswali, Bi Mwanamkisi aliniletea chai na mahamri. Mimi nilikuwa chini ya lori, bolti imenikatalia, vidole vinatoka damu. Akaniuliza, "Bwana Fundi, hapa kuna kitu gani ambacho Bakr hakigusi?" Sikuuliza kwa nini mwanamke anataka kujua. Nilisema, na maneno yangu nayakumbuka kuliko namba yangu ya simu: "Bi Mwanamkisi, kila kitu hapa kina kazi yake ila lile bomba. Lile la upepo tu. Hata mimi siligusi."

Chai niliinywa baridi. Yeye alilitazama lile bomba, kisha akaondoka. Ngozi ikaingia mle nyembamba, ikanywa oili miezi mitatu, ikavimba. Mdomo uliponza kichwa, husema watu. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Nilifikiri kuizika. Inaruhusiwa, maneno matukufu yakichakaa huzikwa mahali safi. Ningeizika nyuma ya msikiti, ningetia mpira mpya, lori lingepona, na hakuna ambaye angejua. Nilikuwa nimeshaifunga kwenye kitambaa safi niliposikia viatu mchangani.

"Assalamu alaikum, Bwana Fundi."

Nilitoka chini ya lori na kumwitikia. Bi Mwanamkisi alikuwa amekonda ndani ya buibui lake. Aliutazama ukuta kwanza, ile chokaa mpya, kisha akanitazama mimi.

"Umeiona?" akauliza.

"Nimeona nini?"

"Bwana Husseini, usinitezee. Nayua nilipoitia." Aliteremsha sauti. "Watu wasema Bakr alikufa mtupu. Mamake asema mwanawe alikataa kinga kwa ukaidi wake, akafa mtupu. Mimi sisemi neno. Nayua hakufa mtupu. Mngu alitaka kumtwaa, alimtwaa, lakini nilikuwa nimemtilia kinga. Hilo moya ndilo hunipa usingizi. Iwapo umeiona, nipa."

Ningemwambia nini? Nikisema sikuiona, namfanya aamini ilianguka njiani na mumewe alikufa bila kitu. Nilikifungua kitambaa nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu ilivyo na uchafu wake, akaifuta kwa ncha ya leso yake mpaka uzi mwekundu ukaonekana.

"Na lori lina nini?" akauliza.

"Ringi," nikasema. "Ringi zimechakaa."

Haikuwa uongo. Ringi zilikuwa zimechakaa kweli. Nilijisifu moyoni kwa kupata neno la kweli ambalo halimuumizi mtu, nikaona nimefanya kazi ya wema. Uso wake ulitulia. Miezi minane sikuwa nimefanya jambo nikajiona mtu mwema.

"Utazibadilisha?"

"Nitazibadilisha, inshallah."

"Alhamdulillahi." Akanyoosha mkono, hirizi imelala kiganjani. "Basi irudishe pale pale, kabla Uthman hayarudi. Ule naye ni kama kakake, hataki kuziona. Akiikuta ataitupa."

Nilihisi mchanga unanidondokea mgongoni. Nikamwambia aiweke nyumbani. Akasema nyumba haiendi safari. Nikasema basi tuifiche chini ya kiti. Akasema ataiona, kama kakake alivyoiona. Nikafikiri nitauwekea mdomo wa bomba wavu wa chuma, asiweze. Lakini mtu aliyetafuta tundu moja kwa mapenzi atatafuta la pili. Kuna mdomo wa hewa safi, kuna mrija wa tangi. Gari lote ni matundu, na Uthman ana watoto wawili.

"Siwezi kuirudisha," nikasema.

"Kwani?"

Ninapenda kusema kwamba nilimwambia kwa upole. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayegombana, kwani ndiyo sauti niliyonayo. "Kwa sababu lile bomba lina kazi. Mimi nilikwambia halina, na nilikuwa nasema ovyo. Injini yapumulia mle. Likizibwa, pumzi yarudi ndani, gari hula oili yake na halizimiki. Hilo ndilo lililokuwa. Si ringi."

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. Niliona anafuata maneno yangu moja moja, kutoka kwenye bomba hadi kwenye lori, kutoka kwenye lori hadi kwenye ukuta. Alipofika ukutani akaukunja mkono.

"Niliziba mimi," akasema.

"Mimi ndiye niliyekuonyesha. Na Bakr alinipigia simu akaniambia linapiga mbinja, nikamfanyia mzaha. Kama ni deni la roho, Bi Mwanamkisi, la kwanza ni langu."

"Niliziba kwa mkono wangu hunu." Alisema polepole, wala si kwangu. Kisha akauliza, "Na ile mbinja? Wasema wote ni yeye."

"Ni pumzi ya injini. Ikikosa ndia hupita kwenye tundu la kijiti."

Alikaa juu ya sanduku langu. Nilimsubiri alie, nikasubiri anitukane, na ningempa haki yake kwa yote mawili. Aliifunga hirizi kwenye pembe ya leso, fundo moja, fundo la pili.

"Uthman mwambie," akasema mwishowe. "Mwambie yote, na mkono wa nani. Asiyeyua ataziba tena."

"Nitamwambia na langu."

"Sasa washa."

"Bi Mwanamkisi..."

"Washa, Bwana Husseini. Nataka kusikia."

Sikuwa na uso wa kumkatalia. Nilikagua mawe, nikakagua gogo. Ule mpira mdogo unaopanda kwenye hewa safi niliufunga kwa kizibo ili injini isipate oili ya kula. Nikalirudisha bomba mahali pake, tupu, safi, nikakirudisha na kijiti. Nikapanda nikawasha.

Injini iliwaka na kutulia. Hapakuwa na mbinja. Chini, kwenye mdomo wa bomba, moshi mwembamba ulitoka ukapotea, ukatoka ukapotea. Nilishuka kumwonyesha. Alikuwa ameshapiga magoti mchangani kando ya gurudumu, mbali na ukuta, na kiganja chake kilikuwa mbele ya bomba, kinapokea ile hewa ya joto.

"Yapumua," akasema.

"Ndiyo."

Kisha akaukaza mkono akaufunga mdomo wa bomba.

Tulingoja. Kijiti cha oili kikaanza kutikisika kwenye tundu lake. Kikainuka kidogo, na mbinja ikatoka. Nyembamba, ikapanda, ikakatika, ikapanda tena, kama alivyokuwa akipiga Bakr anapokaribia nyumbani jioni. Bi Mwanamkisi alifumba macho. Akauondoa mkono na mbinja ikafa.

Akaufunga tena. Ikapiga tena. Aliuondoa, akaufunga mara ya tatu, na mara hii hakuuondoa. Oili ilianza kuchuruzika kwenye tundu la kijiti. Nilimwita kwa jina lake mara mbili. Sidhani alinisikia.

Nilipanda nikauzungusha ufunguo. Injini ilizima hapo hapo, kwa utiifu kabisa, na gati nzima ikawa kimya. Niliposhuka alikuwa bado amepiga magoti, kiganja kimeziba mdomo wa bomba, anangoja.